Diwani wa Ridhaa: Chris Chataway kati ya Uwanja wa Mbio na Halmashauri ya London

Mwaka 1954 Uingereza ilikuwa na mkimbiaji aliyevunja rekodi ya dunia huku akiwa mwajiriwa wa kiwanda cha bia, na miaka minne baadaye mkimbiaji huyo huyo akawa diwani asiyelipwa mshahara. Hali hizo mbili zina chimbuko moja, nalo liko katika karne ya 19. Matajiri na wasomi wa Uingereza ya wakati huo waliamini kwamba mambo fulani huharibika yakishaingizwa fedha, na katika orodha yao yalikuwemo michezo na utumishi wa umma katika ngazi ya mtaa. Mtu wa heshima alitakiwa akimbie kwa kupenda mbio, na akae kwenye baraza kwa kupenda mji wake. Riziki yake angeitafuta kwingine.

Imani hiyo haikuwa ya maneno matupu. Klabu ya riadha ya ridhaa iliyoanzishwa London mwaka 1866 iliwazuia mafundi, wafanyakazi wa mikono na vibarua wasishindane katika mashindano yake, hata kama hawakuwahi kupokea senti moja kwa kukimbia. Chama cha Riadha ya Ridhaa cha Uingereza kilipoundwa mjini Oxford mwaka 1880 kiliufuta ubaguzi huo, lakini kikabakiza katazo la fedha. Tangu hapo mwana wa mwashi na mwana wa lodi waliweza kusimama kwenye mstari mmoja wa kuanzia, mradi kila mmoja arudi nyumbani mikono mitupu.

Miaka tisa baadaye, mwaka 1889, ilizaliwa Halmashauri ya Kaunti ya London. Mji huo mkubwa ulikuwa umeendeshwa na bodi isiyochaguliwa moja kwa moja na wakazi, pamoja na vyombo vingi vya mitaa, na halmashauri mpya ilikuja kuleta utaratibu. Madiwani wake walipigiwa kura, lakini hawakulipwa. Ilibidi kusubiri sheria ya mwaka 1948 ndipo madiwani wa Uingereza waanze kudai nauli, posho ya chakula na fidia ya mapato waliyoyapoteza kwa kuhudhuria vikao. Mshahara haukuwemo.

Wanahistoria hutofautiana kuhusu maana ya utaratibu huu. Wapo wanaouona kuwa ni ukuta wa kitabaka uliopakwa rangi ya maadili, kwa kuwa aliyeweza kukimbia au kuongoza bure ni yule aliyekwisha kushiba. Wengine wanasema ulizuia rushwa na kamari, ambazo kweli zilikuwa zimeota mizizi katika mbio za kulipwa za karne ile. Hoja zote mbili zina ushahidi wake, ila ya kwanza naiona nzito zaidi. Kifungu cha kuwazuia vibarua kilipofutwa, kizuizi kilibaki palepale kwa jina jingine, yaani muda. Kikao kilichoitishwa saa za kazi kilimgharimu fundi ujira wake na hakikumgharimu mwenye mali chochote, na mazoezi ya jioni vilevile humwia mazito aliyeshinda akibeba matofali.

Christopher Chataway alizaliwa London tarehe 31 Januari 1931, katika familia ya watumishi wa dola. Baba yake alikuwa ofisa wa utawala wa Waingereza nchini Sudan, na sehemu ya utoto wa Chris ilipita huko. Alisoma shule ya bweni ya Sherborne, akatumikia jeshi kama vijana wote wa rika lake walivyolazimika, kisha akaingia Chuo cha Magdalen, Oxford, kusomea falsafa, siasa na uchumi. Kwa hiyo hakuwa miongoni mwa waliofungiwa nje. Mfumo wa ridhaa ulitengenezwa kwa ajili ya watu kama yeye, na hilo ndilo linalomfanya awe kipimo kizuri: ukimwelemea hata yeye, basi ulikuwa na kasoro kubwa.

Dunia ilimfahamu kwa kuanguka. Katika fainali ya mita 5,000 ya Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952, Chataway aliongoza hadi kona ya mwisho. Emil Zátopek wa Chekoslovakia, Alain Mimoun wa Ufaransa na Herbert Schade wa Ujerumani wakampita, naye akagonga ukingo wa njia na kuanguka. Aliinuka, akamaliza wa tano.

Mwaka 1954 ulikuwa wake. Tarehe 6 Mei, katika uwanja wa Iffley Road mjini Oxford, Roger Bannister alikimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 59.4, mtu wa kwanza kushuka chini ya dakika nne. Chris Brasher alivuta kasi mwanzoni, kisha Chataway akaipokea kazi hiyo na kuishikilia hadi Bannister alipochomoka. Mwezi Juni, mjini Turku nchini Finland, John Landy wa Australia aliivunja rekodi hiyo, na aliyemfukuza mpaka mwisho alikuwa Chataway tena. Ulikuwa mwaka wa kuwasindikiza wenzake kwenye vitabu.

Julai, kwenye ubingwa wa Uingereza katika uwanja wa White City, London, habari yake inagusana na ya Afrika Mashariki. Katika mbio za maili tatu Mwafrika mmoja kutoka Kisii nchini Kenya, Nyandika Maiyoro, alitoka mbele kwa kasi ambayo watazamaji hawakuitarajia, akawaacha Waingereza mbali. Freddie Green na Chataway walimfikia taratibu, wakampita, wakamaliza kwa muda mmoja wa 13:32.2, ambao ulikuwa rekodi mpya ya dunia. Ushindi alipewa Green, na Maiyoro akawa wa tatu. Mwezi uliofuata, kwenye michezo ya Dola ya Uingereza mjini Vancouver, Chataway alichukua dhahabu ya umbali huo huo, na Maiyoro akamaliza wa nne. Chama cha riadha cha Kenya kilikuwa na umri wa miaka mitatu tu.

Kisha ikaja Jumatano ya tarehe 13 Oktoba. London ilipambana na Moscow usiku, chini ya taa, White City ikiwa imefurika na mamilioni wakitazama kwenye televisheni. Vladimir Kuts, mwanamaji wa jeshi la Sovieti aliyekuwa amemshinda Chataway huko Bern mwezi Agosti, alikuwa na mbinu moja ya kikatili: alifyatuka ghafla, akapunguza mwendo, akafyatuka tena, mpaka mpinzani akatike pumzi. Chataway hakujaribu kuongoza. Kila Kuts alipofyatuka, Mwingereza aliachwa hatua chache, akazirudisha, akaachwa tena. Walipoingia sehemu ya mwisho ya kunyooka Kuts alikuwa bado mbele. Chataway alimpita kwenye hatua za mwisho kabisa, akamaliza kwa 13:51.6, na Kuts akafuata nyuma yake kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Rekodi ya dunia ilikuwa imeshuka kwa sekunde tano. Ilidumu siku kumi tu kabla Kuts hajaichukua, lakini mwishoni mwa mwaka watazamaji wa BBC walimchagua Chataway kuwa mwanamichezo bora, wakamweka mbele ya Bannister mwenyewe.

Wakati huo Chataway alikuwa mwajiriwa wa Guinness, kampuni ya bia. Tena alikuwa akivuta sigara, na hakuwa na sifa ya kupenda mazoezi. Jina la kampuni hiyo halikuacha kufuatana na rekodi, kwa maana mkurugenzi wake, Hugh Beaver, alipotaka watu wa kumtungia kitabu cha takwimu za ajabu, Chataway ndiye aliyewataja pacha wa McWhirter, rafiki zake wa riadha. Mmoja wao, Norris, ndiye aliyetangaza matokeo ya Bannister pale Iffley Road. Kitabu cha Rekodi cha Guinness kilitoka mwaka 1955.

Septemba ya mwaka huo, televisheni ya biashara ilipoanza Uingereza, Chataway akawa miongoni mwa wasomaji wa kwanza wa habari zake. Akawa na kazi mpya iliyomtaka usiku, na bado alikuwa mkimbiaji. Mwaka 1956 alikwenda Olimpiki ya Melbourne, akamaliza wa 11 katika mita 5,000. Kuts alishinda. Maiyoro wa Kenya alikuwa wa saba, nafasi nne mbele ya yule aliyemwacha White City na Vancouver. Chataway akastaafu mbio akiwa na miaka 25.

Kwa nini mapema hivyo? Jibu la kawaida ni fedha: riadha haikulipa, na kijana mwenye fursa angekuwa mjinga kuendelea. Lakini Gordon Pirie, aliyewahi kuwa karani wa benki, naye hakulipwa, na alijifua kuliko Mwingereza yeyote wa wakati wake, akachukua medali ya fedha huko Melbourne. Jibu la pili ni kwamba kiwango kilikuwa kimepanda. Rekodi ya Chataway ilikuwa 13:51.6 mwezi Oktoba 1954, na kufikia Juni 1956 Pirie alikuwa ameishusha hadi 13:36.8. Karibu sekunde 15 zilipungua ndani ya miezi 20 kwa sababu wakimbiaji walikuwa wakifanya mazoezi mazito kila siku, na mazoezi ya namna hiyo yalitaka ama moyo wa Pirie ama mwajiri kama wa Kuts, yaani dola. Maiyoro atupe kipimo: huko Roma mwaka 1960 alikimbia 13:52.8, nyuma kidogo tu ya rekodi ya dunia ya Chataway ya miaka sita kabla ya hapo, akaambulia nafasi ya sita. Kenya ilipopata uhuru ililijibu swali la mwajiri kwa kutumia sare. Kipchoge Keino alikuwa polisi, Naftali Temu mwanajeshi, na kwenye makaratasi wote walikuwa wanariadha wa ridhaa.

Chataway hakutaka sare, wala hakuwa na moyo wa Pirie. Alikuwa na tamaa ya siasa, na mlango wa siasa uliokuwa karibu ulikuwa halmashauri. Mwaka 1958 alichaguliwa diwani wa Halmashauri ya Kaunti ya London kupitia Lewisham North, kusini mashariki mwa jiji, kwa tiketi ya chama cha Conservative.

Sifa ya mbio ilimsaidia, bila shaka, ila isitiwe chumvi. Chama cha Labour kilikuwa kikiishika halmashauri hiyo tangu mwaka 1934, na diwani wa upinzani hakuvutwa na madaraka. Kilichomngoja kilikuwa makabrasha ya kamati. Halmashauri ilisimamia shule, nyumba za kupangisha, zimamoto, magari ya wagonjwa na bustani, na katika bustani hizo, kama vile Parliament Hill Fields, ndimo klabu za riadha za London zilimokimbia. Ni jambo ambalo mashabiki husahau: kabla mkimbiaji wa ridhaa hajavunja rekodi, kuna diwani wa ridhaa aliyeidhinisha fedha za kumwaga chenga za makaa kwenye njia na kuiweka sawa. Mfumo mzima ulisimama juu ya watu wawili wasiolipwa.

Katika miezi hiyo hiyo Chataway na wenzake watatu walipendekeza katika jarida moja la wahafidhina uwepo mwaka wa kuwakumbuka wakimbizi duniani. Umoja wa Mataifa ukaukubali, na Mwaka wa Wakimbizi ukaanza 1959. Oktoba 1959 akashinda ubunge wa Lewisham North, na kwa muda akawa diwani na mbunge kwa pamoja, majengo yake mawili ya kazi yakitenganishwa na mto Thames. Udiwani aliuacha mwaka 1961. Kati ya 1962 na 1964 alikuwa naibu waziri upande wa elimu.

Kazi yake nzito zaidi ya serikali za mitaa ilikuja baada ya kushindwa. Mwaka 1966 alipoteza kiti cha ubunge. Mwaka uliofuata chama chake kilitwaa Halmashauri ya London Kubwa, iliyoirithi ile ya zamani mwaka 1965, naye akaingizwa humo kwa kuchaguliwa na madiwani wenyewe badala ya wapiga kura, akapewa uongozi wa mamlaka ya elimu ya London ya ndani. Swali lililowaka lilikuwa iwapo watoto waendelee kuchujwa kwa mtihani wakiwa na miaka 11, au wote waingie sekondari za aina moja. London ilikuwa imekwisha kujenga sekondari za aina hiyo ya pili, ile ya Kidbrooke ikiwa imefunguliwa tangu 1954. Wengi chamani walitaka mkondo huo uzibwe. Chataway aliupunguza kasi bila kuuziba, jambo lililowaudhi wahafidhina wenzake na halikuwaridhisha Labour. Alidumu hapo hadi 1969, aliporudi bungeni kupitia uchaguzi mdogo wa Chichester, na mwaka uliofuata akawa waziri wa posta na mawasiliano.

Nguzo zote mbili za mfumo wa ridhaa zililegea baada ya hapo. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1972, iliyoanza kutumika 1974, iliwapa madiwani posho ya kuhudhuria vikao. Mwaka 1982 shirikisho la kimataifa la riadha liliruhusu wanariadha wapokee fedha kupitia mifuko maalumu. Chataway hakunufaika na lolote kati ya hayo, kwa kuwa mbio na udiwani alikuwa ameshaviacha, na mwaka 1974 ndio aliouacha hata ubunge na kuingia katika shughuli za benki.

Uzeeni alirudi kukimbia, na akashiriki Great North Run, nusu marathoni ya kaskazini mwa Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1981. Katika mbio hizo maelfu ya watu hulipa ada ili wakimbie, na wachache mbele yao hulipwa ili washinde. Benson Masya wa Kenya alishinda mara nne.