Kambale na perege katika bwawa moja: namna ya kuwapatanisha

Wasikilizaji wetu wanaochimba mabwawa ya samaki, kuanzia Mlalo na Bumbuli hadi kule chini Mombo, wanauliza swali linalofanana: nimeshaweka perege, je, naweza kuongeza kambale? Jibu ni ndiyo, ila kwa masharti. Ukikosea ukubwa, idadi au wakati wa kumwingiza, kambale atawala perege wote, nawe utabaki na samaki wachache wanene na hasara mfukoni.

Kila mmoja ana tabia gani

Perege, ambaye Kanda ya Ziwa wanamwita sato, hula mimea midogo ya majini, pumba na mashudu. Huyu si mwindaji. Tatizo lake ni uzazi. Jike hubeba mayai na watoto mdomoni mpaka wapate nguvu, ndiyo maana wengi hupona. Katika maji ya joto huanza kuzaa akiwa na miezi michache tu, kisha hurudia baada ya wiki kadhaa. Kabla hujavuna, bwawa linakuwa limejaa vidagaa wanaogombea chakula, na wote wanadumaa. Wafugaji wengi hulaumu chakula au mbegu, kumbe ni msongamano.

Kambale ni mwindaji wa usiku. Hula wadudu, vyura, samaki wadogo, hata kambale wenzake aliowazidi ukubwa. Ana kiungo cha ziada cha kupumulia hewa ya juu, kwa hiyo hustahimili maji yenye hewa kidogo, na usiku wa mvua anaweza kutoka bwawani akatambaa kwenye nyasi.

Ukiziweka pamoja tabia hizi mbili, utaona faida. Perege wanazaa kupita kiasi, kambale anapunguza watoto, na perege wakubwa wanapata nafasi na chakula. Kambale anakuwa mlinzi wa bwawa. Lakini mlinzi asiyechungwa huiba.

Kanuni tatu

Kwanza, ukubwa. Kambale hula kile kinachoingia mdomoni mwake, kwa hiyo siku ya kumwingiza lazima awe mdogo kuliko perege. Kipimo rahisi ni perege wenye urefu wa kiganja na kambale wenye urefu wa kidole. Perege ana mwili mpana na miiba mgongoni. Akishatangulia kukua, si rahisi kumezwa.

Pili, wakati. Perege waingie kwanza na wakae wiki kadhaa wakikua, ndipo kambale wafuate. Hata wanaofuga samaki wa mapambo katika matangi ya vioo mijini hufuata utaratibu huu: mpole hutangulia akazoea mahali pake, mkali huja mwisho.

Tatu, idadi. Kwa bwawa lisilo na mashine ya hewa, perege 2 kwa kila mita moja ya mraba wanatosha. Bwawa la mita 10 kwa 20 lina mita za mraba 200, yaani perege 400. Kambale 1 kwa kila perege 10 ni kipimo kizuri cha kuanzia, kwa hiyo utaweka kambale 40. Wote wawe na umri mmoja na ukubwa mmoja. Akipenya mmoja mkubwa, atawala kambale wenzake kabla hajafika kwa perege.

Kama umenunua vifaranga vya perege dume tupu, huna sababu kubwa ya kuweka mlinzi, maana uzazi utakuwa mdogo sana. Hapo weka kambale tu kama unataka kumuuza.

Njaa huvunja mapatano

Kambale akikosa chakula, ataanza kuwasumbua hata perege wa wastani. Piga hesabu hivi: perege 400 wenye gramu 50 kila mmoja ni kilo 20. Chakula cha asilimia 3 ya uzito huo ni gramu 600 kwa siku. Kambale 40 wenye gramu 20 ni gramu 800. Asilimia 5 yake ni gramu 40. Jumla ni gramu 640 kwa siku, na kiasi hiki kibadilike kadiri wanavyokua. Pumba peke yake haimtoshi kambale. Changanya na mashudu, soya iliyokaangwa na kusagwa, au vumbi la dagaa.

Baridi ya milimani

Hapa ndipo sisi wa Usambara tunapotofautiana na Mombo au Korogwe. Perege na kambale wote hukua vizuri maji yakiwa na nyuzi joto 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 hula kidogo na ukuaji unakuwa wa polepole. Mji wa Lushoto uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni hadi Agosti tunaijua. Kwa hiyo usipange kuvuna kwa kalenda ya mfugaji wa tambarare.

Chimba bwawa mahali penye jua, lenye kina cha mita moja au zaidi. Usiache maji ya kijito yapite bwawani mchana na usiku. Yanapoza bwawa na kufukuza ukijani ambao ni chakula cha perege. Ongeza maji pale tu yanapopungua. Lisha kati ya saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri, maji yakiwa yamepata joto. Siku za baridi kali punguza chakula, kwa sababu kinachobaki huoza na kuharibu maji.

Nani asiingie kabisa

Usiweke samaki mkubwa uliyemvua mtoni. Hujui anakula nini wala ana ugonjwa gani. Usichanganye samaki wa maji baridi yaendayo kasi, kama trauti, na perege; joto linalomfaa mmoja linamuumiza mwingine.

Tuna funzo kubwa nchini. Sangara alipandikizwa katika Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka mno, akaleta viwanda na fedha za kigeni. Lakini furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, walipungua vibaya, na aina nyingi hazikuonekana tena.

Sisi hatuna ziwa, ila maji yetu yanashuka. Yanayopita Soni huelekea upande wa Mombo na mwishoni hufika Mto Pangani. Bonde hilo lina perege wake wa asili, akiwemo anayebeba jina la Korogwe. Sato wa kufugwa akitoroka anaweza kuzaliana nao, na mbegu ya asili ikapotea. Funga wavu wa matundu madogo kwenye bomba la kutolea maji, na zungushia bwawa uzio mfupi ili kambale asitambae nje.

Kabla ya kununua vifaranga, mwone afisa uvuvi wa wilaya yako akuelekeze wauzaji wanaotambulika na aina zinazoruhusiwa. Siku ya kununua, nenda na rula: pima perege, pima kambale. Ikiwa kambale ndiye mrefu, mwache hapo hapo na urudi siku nyingine.