Mutombo na kocha aliyetanguliza masomo

Jina Mutombo si geni hapa Kolwezi. Kila kartie, Manika hadi Dilala, ina Mutombo wake. Lakini yule aliyejulikana dunia nzima, Dikembe, alizaliwa Kinshasa tarehe 25 Juni 1966, mtoto wa mkurugenzi wa shule. Utotoni alipenda zaidi futiboli, akidaka golini.

Mwaka 1987 alifika Chuo Kikuu cha Georgetown, mjini Washington, kwa basi ya masomo iliyolipwa na Marekani. Alitaka kuwa daktari. Urefu wake ulikuwa mita 2 na sentimita 18, na kocha wa basketi pale, John Thompson, hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Thompson mwenyewe aliwahi kucheza Boston nyuma ya Bill Russell, na mwaka 1984 alikuwa kocha wa kwanza mweusi kutwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani.

Mtu angefikiri kijana mrefu hivyo atasukumwa uwanjani siku ileile. Msimu wa kwanza hakucheza kabisa. Aliwekwa darasani kujifunza Kiingereza, maana Kifaransa na Tshiluba havikumfikisha mbali kule. Ofisini mwa Thompson kulikuwa na mpira uliotolewa upepo, na kila mchezaji alielewa swali lake: siku upepo ukiisha, utaishi kwa nini? Kocha huyo alikuwa mkali, na wapo waliomwona mkali kupita kiasi. Ila kati ya wachezaji 78 waliokaa naye miaka minne, 76 walipata diploma.

Msimu wa 1988-89 Mutombo aliingia, kwanza kwa dakika chache. Kufunga pointi hakukuwa deni lake. Alitakiwa alinde kikapu, kazi ambayo golikipa wa zamani aliielewa haraka. Dhidi ya St. John's alizuia mipira 12 katika mechi moja. Pembeni yake alikuwepo Alonzo Mourning, mrefu mwingine, na timu nyingi ziliogopa kukaribia kikapu chao.

Udaktari, hata hivyo, aliuacha. Hiyo ni bei ambayo watu husahau kuitaja. Alisoma isimu na diplomasia, akafanya mafunzo ya kazi katika bunge la Marekani na Benki ya Dunia, akamaliza mwaka 1991. Mwaka huohuo Denver ilimchukua, na baadaye alitajwa mlinzi bora wa NBA mara nne.

Mama yake, Biamba Marie, alifariki Kinshasa mwaka 1997. Barabara zilikuwa zimefungwa, hakuweza kufikishwa hospitali. Familia zilizokimbia vita zinajua usiku wa namna hiyo. Mwaka 2007 hospitali yenye jina la mama huyo ilifunguliwa Masina, ikiwa imejengwa kwa vitanda 300. Sehemu kubwa ya gharama ilitoka mfukoni mwa Mutombo: pesa za kuzuia mipira.