Raba za Kikapu na Historia Tusiyoivaa

Kijana wa Nkoaranga anapochagua raba za mtumba, huamini anachagua mtindo tu. Kwa maoni yangu, anachagua pia historia.

Converse All Star ilizaliwa Marekani mwaka 1917: turubai juu, mpira bapa chini. Air Jordan ya kwanza iliingia madukani mwaka 1985. Mwaka huohuo Mzee Ali Hassan Mwinyi alipokea urais, na milango ya biashara, iliyoanza kulegezwa mwaka 1984, ikazidi kufunguka. Mitumba ikamiminika.

Tupime kwa haki. Kwa umbo, viatu hivi havijachuja: shingo ndefu, mistari michache, rangi zisizogombana. Kwa raha ya mguu, hukumu ni nyingine. Vilibuniwa kwa sakafu ya mbao, si kwa miteremko ya Meru inayoteleza wakati wa masika. Soli ya All Star ni nyembamba. Kila kokoto huhisiwa. Baadhi ya raba za miaka iliyofuata zina soli ya povu ambalo huliwa na unyevu na umri, likapukutika njiani ilhali ngozi ya juu ingali inang'aa. Katambuga za matairi hustahimili zaidi.

Swali zito ni hili: kwa nini hatuna kiatu chetu cha zamani cha kukitamani? Sehemu ya jibu iko Morogoro. Kiwanda cha viatu kilichojengwa huko kwa fedha za Benki ya Dunia kilikusudiwa kuuza Ulaya. Hakikuwahi kuzalisha zaidi ya asilimia chache za uwezo wake. Mwaka 1990 uzalishaji ukakoma.

Machi 2016, wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakikutana hapa Arusha, waliazimia kuondokana na nguo na viatu vya mitumba. Marekani ikatishia kuondoa nafuu za AGOA. Tanzania ikalegeza msimamo. Rwanda ikashikilia wake, na mwaka 2018 ikapoteza nafuu hiyo kwa mavazi.

Simlaumu kijana, mfuko wake umeamua kwa busara. Nalaumu taifa linalouza ngozi ghafi kisha likanunua viatu vilivyokwisha kuvaliwa. Mtindo wa zamani ni mavuno ya kiwanda cha jana. Wajukuu wetu watatamani kipi, tusiposhona leo?