Yoga kwa watoto

Yoga kwa watoto ni mazoezi ya yoga yaliyorahisishwa ili yalingane na umri na mwili wa mtoto. Asili ya yoga ni Uhindi ya kale, na jina lake linatokana na lugha ya Kisanskriti.

Mafunzo

Watoto wadogo hufundishwa kwa njia ya michezo na hadithi. Mikao mingi ina majina ya wanyama na vitu, kama vile paka, swila, mti na mlima, hivyo mtoto huigiza anachokijua. Kipindi huwa kifupi kuliko cha watu wazima, na kwa kawaida humalizika kwa kulala chali na kupumua polepole. Kwa kuwa mifupa na viungo vya mtoto bado vinakua, hapaswi kulazimishwa kujinyoosha hadi kusikia maumivu.

Mabishano

Yoga ina uhusiano wa karibu na dini ya Uhindu, hivyo kufundishwa kwake shuleni kumezua mabishano. Nchini Marekani, jimbo la Alabama lilipiga marufuku yoga katika shule za umma mwaka 1993. Sheria ya mwaka 2021 iliiruhusu tena kwa masharti: mikao iitwe kwa majina ya Kiingereza tu, salamu ya "namaste" isitumike, na mzazi atoe idhini kwa maandishi. Huko California, wazazi walishtaki shule za Encinitas, lakini mwaka 2015 mahakama ya rufaa iliamua kwamba mafunzo yaliyotolewa humo hayakuwa ya kidini.