Pemba, Mashine na Tangi

Wanaosimulia jinsi umeme ulivyoingia Pemba huhesabu mashine. Hutaja jenereta kubwa za dizeli za Wesha, kisha waya wa Tanga uliopitishwa chini ya bahari mwaka 2010, kisha jenereta ndogo za kubeba mkononi ambazo leo hupatikana katika maduka ya Chake Chake na Wete. Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini haielezi jambo kubwa kuliko yote, yaani kwa nini mashine ilikuwepo na giza nalo likawepo. Nadai kwamba katika kisiwa hiki mashine haikuwa ndiyo kikwazo kikuu. Kikwazo kilikuwa chombo cha mafuta kinachokaa pembeni mwa mashine: ukubwa wake, njia ya kukijaza, na nani mwenye amri juu yake. Anayetaka kujua historia ya nuru Pemba afuate debe, pipa, dumu na tangi.

Tuanze kabla ya injini. Taa ya zamani ya pwani ilikuwa kijibakuli chenye utambi, na mafuta yake yalikuwa ya nazi au ya ufuta. Mafuta hayo yalikamuliwa nyumbani kutokana na mazao ya shambani, na aliyekuwa na minazi hakumngojea nahodha yeyote ili ale chakula cha usiku akikiona. Mwanga ulikuwa hafifu, wenye moshi, lakini akiba yake ilisimama ardhini na kuzaa mwaka mzima. Karne ya kumi na tisa ikaleta biashara nyingine. Wamarekani walikuwa na mkataba na Sayyid Said tangu 1833, na baada ya kisima cha mafuta cha Pennsylvania cha 1859 mafuta ya taa yakaanza kusambaa duniani katika madebe ya bati ya lita 18 hivi, mawili mawili ndani ya kasha la mbao. Kibatari, kandili na baadaye karabai zikaitoa taa ya nazi. Nuru ikawa nyeupe na kali zaidi, ila kuanzia hapo ikategemea jahazi na meli. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba mbele katika zao hilo, kwa hiyo fedha ya kununulia mafuta ilikuwepo msimu ukiwa mzuri. Msimu ukiwa mbaya, debe lilibaki dukani. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, bei ya karafuu ilipoporomoka katika miaka ya 1980 kwa sababu Indonesia, mnunuzi mkubwa, ilianza kujitosheleza, Pemba iligundua tena kwamba imefunga nuru yake kwenye tawi moja la mti.

Umeme wa dizeli haukubadilisha utaratibu huo, uliukuza tu. Injini nzuri ya dizeli hutumia, kwa makadirio ya kawaida ya mafundi, robo lita au zaidi kidogo kwa kila uniti moja ya umeme. Megawati moja ikifanya kazi usiku na mchana hutoa uniti 24,000, na hiyo ni kiasi cha lita 6,000, sawa na mapipa 30 ya lita 200, yanayoteketea kila siku ya Mungu. Msomaji azidishe kwa mwezi, halafu akumbuke kwamba kila lita imevuka bahari. Ndiyo maana si ajabu kwamba chombo kilichoundwa na Serikali ya Mapinduzi mwaka 1964 kiliweka mafuta na umeme chini ya paa moja, Shirika la Mafuta na Nguvu za Umeme, mpaka Shirika la Umeme Zanzibar, ZECO, lilipochukua kazi ya umeme mwaka 2006. Walioliunda lile la kwanza walielewa vizuri walichokuwa nacho mkononi: hakuna anayeweza kupanga umeme wa kisiwa bila kupanga meli ya mafuta. Tatizo ni kwamba gharama ya kuzalisha kwa dizeli ilikuwa kubwa kuliko bei aliyotozwa mteja, kwa hiyo kila uniti iliyouzwa iliongeza pengo, na pengo lilipozidi kilichopungua kwanza kilikuwa mafuta katika tangi. Mashine ilibaki pale pale, imepakwa grisi, ikingoja.

Jenereta ndogo iliingia katika pengo hilo. Ile ya bei nafuu, yenye injini inayotaka petroli ichanganywe na oili, ina tangi la lita nne hivi juu ya kichwa chake. Kwa mzigo wa wastani hukaa saa tano au sita, na huo ndio ukomo ambao kiwanda kiliuchagua ili mashine ibebeke kwa mkono mmoja. Lakini Pemba iko nyuzi tano kusini mwa ikweta. Jua huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni na alfajiri huadhiniwa karibu na saa kumi na moja, mwaka mzima, kwa tofauti ndogo tu. Usiku wa Pemba una saa kumi na zaidi, na tangi la lita nne huishia karibu na nusu yake. Maulidi hukatika katikati. Barafu ya samaki huanza kuyeyuka. Mgonjwa aliyewekewa mashine ya kupumulia hushikwa na wasiwasi kabla ya wauguzi. Kumimina petroli katika tangi lililo juu ya injini inayochemka, gizani, ndiyo njia mbaya kuliko zote ya kuongeza saa. Jawabu linalojitokeza popote palipo na jenereta za aina hii ni kuongeza tangi la nje: dumu la lita 20, mpira wa mafuta, koki, na kiungo kinachoingiza mafuta katika mashine.

Kazi hiyo inaonekana rahisi na si rahisi. Jenereta nyingi ndogo hazina pampu. Mafuta hushuka kwa uzito wake mpaka kwenye kabureta, ambako boya dogo huinuka na kuisukuma sindano izibe njia kikombe kinapojaa. Kwa mashine hizo dumu lazima likae juu kuliko kabureta, lakini lisipandishwe mno, maana mafuta yakishuka kutoka juu sana huishinda sindano, kabureta hufurika, na petroli hudondokea kwenye chuma cha moto. Jenereta za hali ya juu, zile za kimyakimya zilizofungwa ndani ya boksi, huwa na pampu inayovuta mafuta. Hizo hutaka mfuniko maalumu usiopitisha hewa kwenye tangi la ndani ili mvuto ufike mpaka dumuni. Mfuniko ukivuja kidogo tu, tangi la ndani hunyonya hewa badala ya mafuta ya dumu, hukauka, na mashine huzimika. Dumu lenyewe, kwa upande wake, lazima lipate tundu la kupumua, la sivyo hubonyea na kuacha kutoa. Kuna faida moja isiyosemwa sana: kwa mashine ya petroli yenye oili ndani, mchanganyiko wa dumu zima hupimwa mara moja, mchana, kwa utulivu, badala ya kukisiwa mara tatu usiku kwa mwanga wa simu.

Hapa ndipo naona Pemba ilikuwa na elimu ambayo nchi kavu haikuitumia ipasavyo. Wavuvi wa Kojani wamejulikana kwa vizazi kwa kwenda dago: hufuata samaki na upepo, kaskazi na kusi, wakapiga kambi ufukweni kutoka pwani ya Kenya hadi Mafia, wiki hata miezi, kisha wakarudi. Mtu wa dago hawezi kukaa na chombo kinachokwisha nguvu baada ya saa tano. Mashine za boti zilipoingia katika uvuvi, zile za nguvu za farasi 15 na kupanda zilikuja na tangi lake la kando, mara nyingi la lita 24, lenye skrubu ya hewa kwenye mfuniko, mpira wenye pampu ya kuminya kwa kiganja, na kiungo kinachojifunga chenyewe kikichomolewa. Injini ina pampu yake, ndiyo maana tangi hilo hukaa chini sakafuni mwa chombo, palipo imara, wala halihitaji kuinuliwa. Hicho ndicho kifaa ambacho fundi wa jenereta mjini hukitafuta kwa kubahatisha. Kimekuwa kikipita mbele ya macho yake, begani mwa mvuvi anayeelekea pwani. Taa za kuvulia dagaa nazo zimetoka kwenye karabai na kuingia kwenye balbu zinazowashwa na jenereta ndogo chomboni, hivyo baharini zimekutana mashine mbili na mahitaji mawili ya mafuta. Mtu wa dago amelazimika kujibu swali la tangi kabla ya mhandisi.

Atatokea mtu aseme kwamba ninasifu hatari. Petroli ndani ya dumu, karibu na moto, ni msiba unaosubiri siku. Na jenereta ikiwashwa ndani ya nyumba au barazani penye madirisha hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua waliolala. Pingamizi hili lina haki yake, wala silipunguzi. Dumu la maji ya kunywa si tangi la mafuta. Mpira wa bustani huharibika ukiguswa na petroli. Na dumu kubwa huondoa ule ukomo wa saa tano ambao, bila kukusudia, humlazimisha mtu aamke na kukagua mashine. Lakini kinachofuata kutoka hapo si kwamba watu wasiweke akiba. Watu wanaokatikiwa na umeme wataweka, kwa sababu giza nalo lina hasara zake, na amri inayokataza bila kutoa njia hulisukuma dumu liingie uvunguni mwa kitanda. Kinachofuata ni kwamba tangi lijengwe vizuri, liuzwe likiwa na koki na tundu la hewa, likae nje na mbali na moshi, na mafundi wafundishwe kilichokwisha kujulikana kwenye vyombo vya bahari.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Waya wa Tanga, wa kilovolti 33, uliogharamiwa kwa sehemu kubwa na Norway, ulitua Ras Mkumbuu na kuanza kazi 2010. Je, hapo historia ya tangi haikufungwa? Ni kweli kwamba waya huo ulibadilisha maisha ya Pemba kuliko mashine yoyote iliyotangulia, na nani angependa kurudi kwenye mapipa 30 kwa siku? Hata hivyo waya haukufuta tangi. Ulilihamisha. Akiba ya nuru ya Pemba sasa iko kwenye gesi ya Songosongo na mabwawa ya Bara, na bomba lake ni uzi mmoja katika mkondo wa bahari wenye kina cha mamia ya mita. Unguja ilikuwa imeshasoma somo hilo. Waya wake wa kwanza kutoka Ras Kiromoni, Bara, ulifika 1980. Mei 2008 ukaharibika na kisiwa kikakaa karibu mwezi mmoja bila umeme. Tarehe 10 Disemba 2009 ukaharibika tena, na umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu hiyo Mji Mkongwe ulinguruma kwa jenereta ndogo. Pampu za maji zilisimama, na wenye duka walipiga hesabu ya petroli kabla ya hesabu ya mauzo. Pemba, ambayo waya wake ulikuwa bado haujaanza kazi, haikuguswa. Ilikuwa na jenereta zake chakavu za Wesha na mafuta yake kisiwani. Kwa miezi mitatu kisiwa kilichohesabiwa kuwa nyuma ndicho kilichokuwa na umeme, na sababu haikuwa ubora wa mashine. Unguja ilijibu kwa kuweka jenereta za akiba Mtoni na kwa waya wa pili wa megawati 100, uliofadhiliwa na Marekani na kukamilika 2013.

Wapo watakaosema kwamba naficha siasa nyuma ya madumu. Pemba, watasema, ilikosa nuru kwa sababu ilisahauliwa, hasa baada ya 1964, na baada ya uchaguzi wa 1995 wafadhili waliposimamisha misaada yao Zanzibar, mzigo ukamwangukia mwananchi. Sipingi hata neno moja. Ninachosema ni kwamba siasa, ili imfikie mtu, lazima ipite mahali, na kwa upande wa umeme ilipita kwenye mafuta. Serikali haikuhitaji kung'oa mashine ili mji uwe gizani. Ilitosha ununuzi wa dizeli uchelewe. Mfadhili hakuhitaji kukata waya. Ilitosha asitie saini. Uonevu wa aina hii ni mgumu kuuthibitisha kwa sababu kila chombo kinaonekana kiko mahali pake, na mtawala anaweza kuonyesha jenereta nzima na kusema tumewapa. Anayeangalia tangi haridhiki na jibu hilo. Huuliza lina siku ngapi.

Swali hilo bado lina kazi. Paneli za jua zimeingia vijijini na kwenye visiwa vidogo vinavyoizunguka Pemba, na jua, kwa namna fulani, limeirudishia Pemba hali ya mnazi: nguvu inayozalishwa papo hapo, isiyongojea meli. Lakini saa kumi za usiku hazijapungua, na betri ndiyo tangi la zama hizi, ghali kuliko paneli yenyewe kwa watu wengi na yenye umri mfupi kuliko yake. Kwa hiyo ripoti ya nishati ya Pemba inayotaja idadi ya vijiji vilivyounganishwa na megawati zinazoweza kupita kwenye waya inaeleza nusu tu. Nusu ya pili ni idadi ya siku ambazo hospitali ya Abdalla Mzee ya Mkoani, pampu za maji na vyumba vya barafu vya bandarini vitaendelea kufanya kazi ikiwa waya wa Tanga utakatika leo jioni, na idadi hiyo ichapishwe kila mwezi, kama inavyochapishwa bei ya petroli.