Saa za kazi za rubani: Kwa nini kapteni anaweza kukataa kuruka

ABIRIA wa kijiji cha Mwamgongo, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe, anayetoka Dar es Salaam kwa ndege, hana budi kushuka Kigoma na kutafuta boti ya kumpeleka kando ya Ziwa Tanganyika. Ndege ikichelewa, boti humwacha. Hasira yake huongezeka anapotangaziwa kuwa ndege ni nzima na hali ya hewa imetulia, lakini marubani "wamemaliza saa zao".

Maneno hayo si kisingizio. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), kupitia Kiambatisho cha 6 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, linazitaka nchi wanachama, Tanzania ikiwamo, ziwe na kanuni za kudhibiti uchovu wa marubani na wahudumu wa ndege. ICAO haipangi idadi ya saa. Kila nchi huweka viwango vyake.

Kanuni za Umoja wa Ulaya, zilizoanza kutumika Februari 2016, ni mfano mzuri wa jinsi hesabu hiyo inavyofanywa. Zamu huanza rubani anaporipoti kazini, si ndege inapopaa, na huisha ndege inapoegeshwa na kuzimwa injini baada ya mruko wa mwisho. Anayeripoti kati ya saa 12:00 asubuhi na saa 7:29 mchana anaruhusiwa saa 13 iwapo ana mruko mmoja au miwili. Akiwa na minne, hubaki saa 12, kwa kuwa kupaa na kutua ndiko kunakochosha zaidi. Anayeanza usiku hupewa saa chache zaidi, kwani mwili hudai usingizi.

Aidha, rubani haruhusiwi kuruka zaidi ya saa 100 katika siku 28 mfululizo.

Hata hivyo, watunga kanuni walitambua kuwa dhoruba au hitilafu huweza kuvuruga ratiba. Kwa sababu hiyo kapteni amepewa hiari ya kuongeza muda wa zamu, usiozidi saa 2 kwa kikosi cha kawaida, kwa dharura iliyojitokeza baada ya kuripoti kazini. Kabla ya kuamua, sharti awaulize wenzake wote kuhusu hali zao. Ongezeko likizidi saa 1, kampuni hupeleka taarifa kwa mamlaka ya usafiri wa anga.

Neno kuu hapo ni hiari. Kampuni haiwezi kupanga ratiba kwa kutegemea saa hizo mbili, na inatakiwa kuwa na utaratibu usiomwadhibu kapteni kwa uamuzi wake. Nchini Marekani, ongezeko kabla ya kupaa huhitaji ridhaa ya kapteni na kampuni kwa pamoja.

Chukua mfano wa kikosi kilichoripoti Dar es Salaam saa 1 asubuhi, kiende Mwanza na kurudi, kisha Kigoma na kurudi. Kwa kipimo cha Ulaya, kikomo chake ni saa 1 usiku, na kwa hiari ya kapteni ni saa 3 usiku. Mvua ikikizuia Mwanza hadi kikarejea Dar es Salaam saa 11 jioni, hakuna hesabu itakayokifikisha Kigoma, umbali wa zaidi ya kilomita 1,000, na kukirudisha kwa wakati. Kikilala Kigoma, sharti kipumzike si chini ya saa 10, na abiria wa alfajiri nao watasubiri. Dawa ni kampuni kuwa na kikosi cha akiba.

Sababu ya ukali huo ni ajali. Februari 12, 2009, ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, na kuua watu 50. Wachunguzi walisema yaelekea uchovu ulipunguza uwezo wa marubani, na kanuni mpya zilianza kutumika nchini humo Januari 2014. Mei 22, 2010, ndege ya Air India Express ilipita mwisho wa njia ya kurukia Mangalore, India, na kuua watu 158. Uchunguzi ulibaini kapteni alikuwa amelala kwa sehemu kubwa ya safari.

Afrika Mashariki nayo ilionywa Agosti 2022, iliporipotiwa kuwa marubani wa ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Khartoum walipitiwa na usingizi na kuupita uwanja wa Addis Ababa. Ndege ilitua salama baadaye, na shirika hilo likawasimamisha kazi marubani hao.

Mtu aliyechoka si mwamuzi mzuri wa uchovu wake. Ndiyo maana hiari ya kapteni ina kikomo: anaweza kukataa hata dakika moja ya ziada, lakini hawezi kujiongezea saa ya tatu, hata abiria wote wakimwomba.