Muziki wa Kufokafoka na Hukumu Zake: Majibu ya Umma kutoka Kinshasa hadi Lubumbashi

Miongoni mwa majina ambayo Kiswahili kimeupa muziki wa rapu, limo moja lililobeba hukumu ndani yake: muziki wa kufokafoka. Chungu hufoka kinapochemka hadi kumwagika; mtu naye hufoka anapomkaripia mwenziwe kwa hasira. Kwa hiyo mwimbaji, kabla hajatamka neno, ameshasemwa kuwa anapayuka. Jina hilo ni la masihara tu, lakini hukumu zilizotolewa na wenye mamlaka hazikuwa za masihara. Makala haya yanaangalia kisa cha Kongo cha mwaka 2021, na kuuliza ni kitu gani hasa wasikilizaji walikitetea walipoukataa ukaripiaji huo.

Mnamo tarehe 9 Novemba 2021, tume ya kitaifa ya kukagua nyimbo na maonyesho, yenye makao Kinshasa, ilitangaza marufuku iliyozigusa nyimbo mbili zilizokuwa zikivuma: Nini tosali te ya kundi la MPR na Lettre à Ya Tshitshi ya Bob Elvis. Jina la kundi hilo lina utani mkali. Kila aliyeishi enzi za Zaire alizijua herufi MPR kuwa za chama cha Mobutu kilichoundwa mwaka 1967. Vijana hawa wamezigeuza kuwa kifupisho cha muziki wa watu wa mapinduzi. Wimbo wao, ambao jina lake la Kilingala lina maana ya “ni nini ambacho hatujafanya”, unawasimulia wananchi waliojaribu kila njia, utawala hata utawala, bila hali yao kutengemaa.

Wimbo wa Bob Elvis, kwa maoni yetu, ndio wenye ufundi zaidi. Ni barua kwa marehemu Étienne Tshisekedi, mpinzani mkongwe aliyefariki Brussels mwaka 2017, ambaye mwanawe Félix alishika urais mwaka 2019. Msanii hamkaripii mtoto. Anampelekea baba habari zake. Mbinu hii si ngeni katika mila zetu: yapo mambo ambayo mdogo hawezi kumwambia mkubwa aliye hai, lakini anaweza kuyasema kaburini huku mkubwa huyo akisikia. Wakaguzi walilisikia karipio, ila adabu iliyolifunika hawakuiona.

Amri ya mwaka 1996 iliyoiunda tume inataka wimbo upewe kibali kabla ya kutangazwa, na tume ilijikinga kwa hoja hiyo. Umma haukuikubali. Malalamiko yalienea kwa simu na katika mitandao, watetezi wa haki za binadamu wakapinga, na waliokuwa hawajausikia wimbo wa MPR wakautafuta. Kabla ya juma hilo kwisha, marufuku juu ya Nini tosali te iliondolewa.

Tukizichunguza kauli za watetezi, tunaona kwamba ni wachache waliousifu mdundo, vina au sauti. Waliuliza: je, yasemwayo ni uongo? Wimbo ulikuwa umekwisha kutoka katika uwanja wa sanaa na kuingia barazani kama shahidi. Anayemzuia shahidi anawazuia wote walioona alichokiona. Ndiyo maana hasira za wasikilizaji zilikuwa za mtu aliyeambiwa mwenyewe anyamaze. Mwimbaji alikuwa mbele yao tu.

Jambo hili lina hasara ambayo haizungumzwi. Baada ya marufuku, mhakiki wa kweli hukosa mahali pa kusimama. Akisema ubeti fulani umelegea, ataonekana ametumwa. Akiusifu, ataonekana mwanasiasa. Kongo ilishayaona hayo mwaka 1978, Franco Luambo alipofungwa kwa ajili ya nyimbo zilizohukumiwa kuwa za matusi. Hadi leo nyimbo hizo hutajwa kwa kesi yake kuliko kwa gitaa lake, na gitaa la Franco si la kupitwa hivihivi.

Hapa Lubumbashi hukumu ina sura nyingine: aghalabu huanzia kwenye lugha. Mji huu una Kiswahili chake, chenye batu na batoto mahali pa watu na watoto, chenye ka- ya udogo, chenye maneno ya Kifaransa yaliyokwisha kuzoea hewa ya Kamalondo na Katuba. Wenyewe hukilinganisha na “Kiswahili bora”, kile cha vitabu, na katika kulinganisha huko mzungumzaji hujishusha mwenyewe. Kijana anayefokafoka kwa lugha ya mtaa wake huambiwa kwamba hicho si Kiswahili, na mazungumzo yanakomea hapo. Walimu, nasi tukiwamo katika kazi hiyo, huwa tume ndogo isiyo na amri ya serikali. Lakini Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952, hakuimba kwa Kiswahili cha vitabu, na leo hakuna anayemsahihisha sarufi. Umri wa wimbo humwondolea msanii makosa ya ngeli.

Huko Tanzania, ambako rapu ya Kiswahili ilikomaa mapema, kisa cha Nay wa Mitego kinastahili kuwekwa kando ya kile cha Kinshasa. Mwezi Machi 2017 alikamatwa mkoani Morogoro kwa sababu ya wimbo Wapo, nalo Baraza la Sanaa la Taifa likaupiga marufuku. Kesho yake Waziri Harrison Mwakyembe alitangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda wimbo, kwamba msanii aachiwe, na kwamba angeweza kuwaongeza humo wakwepa kodi. Wengi walishangilia. Wengine waliona kwamba msanii aliyeachiwa kwa kupendwa anaweza kufungwa kwa kuchukiwa. Hofu yao haikuwa ya bure: mwanzoni mwa Aprili rapa Roma Mkatoliki alitekwa pamoja na wenziwe studioni Dar es Salaam, wakaonekana siku chache baadaye; na mwaka 2018 Roma alifungiwa kwa miezi sita kwa ajili ya Kibamia.

Kinshasa na Dar es Salaam zinakutana katika jambo hili: kelele za umma ziliuokoa wimbo, hazikukigusa chombo. Nini tosali te ulirudi redioni, na sharti la kibali likabaki katika amri ya 1996. Wapo uliruhusiwa, na mwaka 2024 Baraza lilelile lilimtaka Nay ajibu mashtaka kuhusu wimbo mwingine, Nitasema.